Vidole Vinne Pembeni mwa Picha

Kila asubuhi, kabla hajagusa kitu, alipiga hodi kwenye chumba kitupu.

Alijua fika hakuna mtu. Mgeni alishashuka kunywa chai, au alishaondoka na mabegi yake, na ufunguo wa akiba alikuwa nao mwenyewe mkononi. Hata hivyo alilisogeza toroli la mashuka pembeni, akagonga mara mbili, akasema, "Hodi," akafungua mlango, kisha akabaki pale pale kizingitini, mikono nyuma. Hakuingia. Alitazama tu, kuanzia zulia hadi pazia, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa. Ilichukua muda wa kumaliza glasi moja ya maji. Hapo ndipo alipojifunga kitambaa kiunoni na kuanza kazi.

Ndiyo maana pale hotelini jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za ajira tu. Watu wote, toka jikoni hadi mapokezi, walimwita Mama Hodi.

"Siku moja kitakujibu 'karibu'," alisema Redio, mwenzake wa ghorofa ya tatu, "na siku hiyo tutakuokota ngazini, wewe huku, ndoo kule." Redio aliitwa hivyo kwa sababu aliumbwa bila kitufe cha kuzima.

"Kikinijibu nitaingia," Mama Hodi alisema. "Nimefundishwa adabu, si kama wengine wanaoingia vyumba vya watu kama mbuzi kaona mahindi."

Alikuwa ametandika vitanda pale miaka kumi na minane. Hoteli ilikuwa ya ghorofa tatu, mbele barabara, nyuma uwanja wa kuanikia mashuka, na lifti yenye siku zake za kununa. Wafanyakazi waliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Mlango wa mbele, ule wa vioo, ulikuwa wa wageni, na bawabu aliyesimama pale kwa kofia na glavu nyeupe hakumfungulia mtu mwingine.

Ndani ya mlango wa stoo ya mashuka kulibandikwa picha kubwa ya chumba. Hiyo picha ndiyo ilikuwa sheria. Mfanyakazi mpya alisimamishwa mbele yake kama mwanafunzi mbele ya ubao, akaambiwa aikariri: kitanda kimebanwa ukutani, juu yake mito sita ya mapambo yenye rangi ya dhahabu, kochi la mtu mmoja kwenye kona chini ya televisheni, birika la umeme mezani, karibu na chombo cha maua, taa ya kusomea upande wa kabati. Kila chumba, kila siku, lazima kifanane na picha. Msimamizi wa vyumba alipita na macho yake makali, na mto ukilala chali badala ya kusimama, ulisikia jina lako hadi uwanja wa nyuma.

Sasa, alichokisoma Mama Hodi kila asubuhi pale kizingitini ni kwamba wageni hawakuipenda ile picha. Kochi alilikuta dirishani. Si siku moja, si mgeni mmoja. Alilikuta dirishani mpaka zulia likawa na mifereji ya miguu yake. Kitanda alikikuta kimevutwa shubiri mbili kutoka ukutani, kwa sababu soketi ilikuwa nyuma ya kitanda, na mtu na simu yake atafanyaje. Birika alilikuta chini sakafuni karibu na mlango, kwenye soketi ya pili, na pale zulia lilishaungua duara. Mito sita aliitoa kabatini, ilikorundikwa mmoja juu ya mwingine kama watu waliofukuzwa kwenye sherehe. Na nyuma ya mlango alikuta taulo kubwa lililoviringishwa, limeziba mwanya wa chini ambako kelele na mwanga wa ukumbi vilipenya.

Alisoma yote hayo. Halafu, kwa mikono yake miwili hodari, aliyafuta. Alilirudisha kochi kona, akakibana kitanda, akaisimamisha mito, akaliokota taulo. Jioni mgeni alirudi akaanza upya kuvuta kitanda. Miaka kumi na minane.

Mwaka huo vyumba vilidoda. Nyuma ya meza ya mapokezi palikuwa na ubao wa misumari ya funguo, na ufunguo unaoning'inia jioni maana yake chumba hakina mtu. Safu ya chini, ya ghorofa ya tatu, ilining'inia karibu yote. Ndipo tajiri mwenye hoteli akaja mwenyewe, akasimama mbele ya ule ubao, akaipitisha fimbo yake kwenye zile funguo zikalia kama njuga.

"Miezi mitatu," alimwambia meneja, mbele ya watu. "Nusu ya hizi zikiwa bado zinalia hapa, ghorofa ya tatu naifunga. Na wanaoihudumia waende nyumbani."

Walioihudumia walikuwa wanawake wanne. Wa kwanza kwenye orodha, kwa umri, alikuwa Mama Hodi.

Tajiri hakuishia hapo. Alileta pia mtafiti, msichana wa chuo kikuu aliyesomea uendeshaji wa hoteli na ubunifu katika utalii, mwembamba, mwenye miwani na begi lililomzidi mabega. Kazi yake ilikuwa kuangalia ni nini kibadilishwe ili wageni wakae. Akaandaa fomu ya maswali ishirini, ikawekwa mapokezi na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikaibiwa. Mgeni aliijaza akiwa anaondoka, teksi inampigia honi nje, mpokezi anamchekea usoni. Kila mtu aliweka alama kwenye "vizuri sana" na kukimbia.

Nyumbani, habari za utafiti zilikuwa kitoweo cha wifi yake. Huyu alikuwa dada wa mumewe, aliishi nao chumba cha uani, na hakuna siku aliyopitwa na neno.

"Utafiti wa vitanda!" alisema, huku akimenya vitunguu. "Wenzetu wanatafiti nyota na magonjwa, nyie mnatafiti shuka. Haya wifi, mmegundua nini? Kwamba watu hulala?"

"Tumegundua kuna watu wanalala hata wakiwa wima," Mama Hodi alijibu, "wanamenya kitunguu kimoja saa nzima."

Mumewe, fundi viatu, alicheka mpaka msumari ukamdondoka mdomoni. Lakini Mama Hodi alipoingia chumbani kubadilisha nguo, kicheko hakikumfuata. Alihesabu miezi mitatu kwa vidole. Ilikuwa michache.

Kila siku saa tano mtafiti alipanda ghorofa ya tatu kukagua vyumba na daftari lake. Na kwa kuwa meneja alishaagiza kwamba mgeni wa heshima asionyeshwe uchafu, wale wanawake wanne walikimbizana tangu saa moja ili kufikia saa tano kila chumba kiwe picha. Walifanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Walidhani msichana akiona usafi wao ataandika mazuri na ghorofa itapona.

Wiki ya pili, Mama Hodi alikuwa anamalizia chumba namba saba, ameshika lile taulo la mlangoni, mtafiti akatokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, kiko tayari."

Msichana akaingia, akazunguka, akapima kwa macho, akaandika. Kisha akakaa kwenye kochi la kona, uso umemshuka.

"Mama, nikuulize. Wageni wenu wote ni nadhifu hivi? Wiki ya pili napita vyumba hivi, hakuna aliyesogeza hata kiti. Fomu zinasema vizuri sana. Vyumba vinasema vizuri sana. Sasa kwa nini hawarudi? Nikipeleka hivi kwa mwalimu wangu atanifukuza, na tajiri wenu atafunga."

Mama Hodi akalitazama taulo mkononi mwake. Akamtazama msichana. Ikamjia polepole, kama mtu anayetafuta miwani nyumba nzima kumbe ameivaa: siku zote hizi walikuwa wanafagia majibu, halafu wanamkaribisha aje kuuliza maswali.

"Mwanangu," alisema, "unakuja saa tano. Sisi saa tano tumeshawanyamazisha wageni wote."

"Sijakuelewa."

"Njoo kesho saa mbili. Usioge kwa manukato, njoo na viatu vya kutembea. Na usimwambie mtu."

Kesho yake saa mbili walisimama mbele ya namba moja. Redio alikuwepo pia, kwa sababu hakuna siri iliyowahi kumpita. Mama Hodi hakufungua. Aliweka kiganja kwenye mlango akasema, "Huyu ni mzee wa vitabu, ana siku mbili. Kochi liko dirishani, taa kaivuta mpaka waya umekaza. Birika hajaligusa. Mito iko kabatini."

Akapiga hodi, akafungua. Kochi dirishani, waya umekaza kama kamba ya kuanikia, birika baridi. Msichana alifungua kabati mwenyewe, na mito sita ikamwangukia miguuni.

"Namba mbili ni mama na mtoto mchanga. Taulo mlangoni, tena mawili. Kitanda kimegeuzwa, kimeegemezwa ukuta wa pili ili mtoto asianguke."

Ikawa hivyo. Namba nne: "Mfanyabiashara, simu tatu. Kitanda utakikuta katikati ya chumba." Wakakikuta katikati ya chumba, na mfanyabiashara mwenyewe kasahau chaja moja. Vyumba vitupu wakaviruka, na mpaka wanafika namba kumi msichana alishaacha kuandika, anashika kichwa.

"Mama, unaona ndani ya milango?"

"Hapana. Naona kila siku, ndiyo hivyo tu. Na kila siku narudisha."

"Kwa nini mnarudisha?"

Redio akadakia, "Kwa sababu ya picha, mpenzi! Hujaiona picha? Hapa Mungu wa kwanza yuko mbinguni, wa pili kabandikwa stoo."

Siku ile ile mtafiti alikwenda kwa meneja akaomba jaribio. Ghorofa ya tatu ina vyumba kumi na viwili: sita viachwe kama picha, sita vipangwe kama wageni wanavyovipanga wenyewe, kisha wahesabu. Meneja, mwanamume mnene mwenye tai fupi, hakumwachia amalize.

"Dada yangu, picha ile imekaa miaka kumi na minane. Ilipangwa na wataalamu. Hoteli bila kipimo ni gesti ya stendi. Mimi nilidhani utaniambia tununue televisheni kubwa."

Habari ikashuka kwa Mama Hodi kupitia Redio, ikiwa imeongezwa chumvi na pilipili. Lilimchoma neno moja tu: wataalamu. Alirudi nalo nyumbani, akakaa nalo kibarazani, akakunja uso mbele ya mumewe aliyekuwa anagonga soli.

"Wataalamu gani?" alisema. "Mimi nilikuwepo siku ile. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Alikuja mpiga picha mmoja na mguu wake wa kamera, ule wa miguu mitatu. Chumba kidogo, mguu haukuenea. Akasema, 'Dada, hebu nitolee hilo kochi hapo dirishani.' Nikalibeba mimi. Nikalitupa kona, chini ya televisheni, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi."

Nyundo ya mumewe ilisimama hewani.

"Akasema waya wa soketi unachafua picha, tukabana kitanda. Akasema kitanda kimepauka, tukakusanya mito ya vyumba vingine. Birika likasogezwa mezani ling'ae. Akapiga, akaondoka. Baadaye wakaibandika."

"Ngoja," mumewe alisema. "Kwa hiyo miaka kumi na minane mnampisha mpiga picha aliyekwisha ondoka?"

Wifi alikuwa anapita na beseni. Alisimama. Akaliweka beseni chini, akajishika kiuno, akacheka mpaka akakaa juu ya ndala za mteja. Kisha, cha ajabu, akajifuta machozi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, nenda ukawaambie. Kesho. Ukinyamaza, nitakwenda mimi."

Alikwenda. Alipiga hodi ofisini kwa meneja na ile picha kwapani, alikuwa ameibandua stoo asubuhi hiyo kwa kisu cha siagi. Mtafiti alikuwa tayari ndani, anaomba kwa mara ya tatu.

"Bosi," alisema, akaiweka mezani. "Naomba uangalie hapa pembeni, kwenye pazia."

"Mama, tumeshalimaliza hili."

"Angalia kwanza."

Meneja akaangalia. Pembeni kabisa mwa picha, pale pazia lilipoishia, kulikuwa na vidole vinne. Vilikuwa vimelishika pazia lisipeperuke. Kidole kimoja kilikuwa na pete yenye jiwe jekundu. Watu walikuwa wamepita mbele ya ile picha kila siku, na hakuna aliyewahi kuviona, kwa kuwa wote walikuwa wanahesabu mito.

"Hivi vidole vya nani, kaka?" Alimwita kaka, kama zamani, wakati huyu alikuwa bado mpokezi na tai yake bado ndefu.

Taratibu meneja aliuinua mkono wake wa kushoto kutoka mezani akautazama. Jiwe jekundu lilikuwa pale pale, pete imezama kwenye nyama.

"Upepo ulikuwa mkali," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Yule jamaa akaniita nishike pazia. Nilimwacha mgeni mapokezi..."

"Na mimi nikabeba kochi."

"Na wewe ukabeba kochi." Akaanza kutikisika mabega. Mtafiti alidhani analia. Kumbe ni kicheko, kilikuwa kinatoka chini sana, kikipanda kama lifti yao. "Na mito! Ile mito tuliiazima ghorofa ya kwanza! Halafu mimi, mimi mwenyewe, nilipopandishwa cheo, nikaagiza mingine mia mbili ifanane na picha!"

Walicheka wote watatu mpaka msimamizi wa vyumba akafungua mlango kuona nani kapatwa na nini. Meneja alijifuta uso kwa tai.

"Wiki sita," alisema. "Vyumba sita. Lakini kwa haki, sitaki ujanja."

Mtafiti ndiye alikuwa mkali wa haki. Hakutaka wachague vyumba vizuri. Aliandika namba kwenye vikaratasi, akavitia kwenye boksi la sabuni, Redio akavichomoa akiwa amefumba macho. Mpokezi naye aliagizwa amgawie mgeni ufunguo unaofuata msumarini, asichague sura. Kisha Mama Hodi na wenzake wakavipanga vile sita: kochi dirishani, taa kando yake, kitanda kimesogezwa soketi ionekane, birika kwenye kimeza kifupi karibu na soketi ya mlangoni, mto mmoja wa dhahabu tu, na fundi viatu mmoja alikata raba kuukuu za matairi akazipigilia chini ya milango sita kuziba mwanya. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama yote ya ubunifu.

Wiki ya kwanza hakikutokea kitu. Ya pili, hakikutokea kitu. Wageni walikuja, wakalala, wakaondoka, upande huu sawa na upande ule. Msimamizi wa vyumba alianza kupita akipiga mluzi. Mama Hodi alipiga moyo konde, lakini jioni alipopita mapokezi kupeleka funguo za akiba, macho yalimkimbilia yenyewe kwenye safu ya chini.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu alipiga hodi namba tisa, moja ya vile sita, akaona ua. Ua jekundu bichi, kwenye glasi, dirishani. Akaenda namba kumi na moja. Ua. Akamkuta Redio stoo amejificha nyuma ya mataulo.

"Redio."

"Mimi nimekuja kuchukua sabuni."

"Maua ya nani?"

Redio akashusha mabega. "Dada, tutafukuzwa. Nina watoto watatu. Nimeona tuwasaidie kidogo, kuna ubaya gani? Si ua tu."

Mama Hodi aliyakusanya maua yote sita, akamwekea mapajani. Hakumkaripia.

"Ukiweka ua, tutashinda kwa ua," alisema. "Halafu watanunua maua, na kochi litarudi kona. Nataka tushinde kwa kochi. Kamwambie mtafiti ulichofanya."

"Nimwambie mwenyewe?"

"Mwenyewe. Leo utuzimie muziki, utoe habari."

Redio alikwenda akasema. Mtafiti akazifuta siku mbili za maua kwenye daftari, akaongeza nyingine mbili mwishoni, na mambo yakaendelea.

Kisha yakafunguka. Wa kwanza alikuwa muuza dawa wa kuzungukazunguka, mtu wa kulala usiku mmoja tangu dunia iumbwe. Alikaa namba tisa siku nne, akafanyia hesabu zake zote kwenye kochi la dirishani. Halafu mama mmoja wa makamo aliyepewa chumba cha picha alikwenda kumtembelea shoga yake namba kumi na moja, akashuka mapokezi mkono kiunoni: "Kwa nini mwenzangu ana chumba kizuri na tumelipa sawa?" Mpokezi akamwambia vyumba ni vile vile, mama. "Vile vile? Kijana, usinichezee. Chake ukikaa unakaa!" Wiki ya tano watu walianza kupiga simu kuulizia "vile vyenye kiti dirishani." Wiki ya sita, jioni, misumari sita ya safu ya chini ilikuwa mitupu, misumari tu, inang'aa, na siku tatu mfululizo ikabaki hivyo.

Mtafiti alihesabu mara tatu asijidanganye. Wageni ishirini na watatu wa vyumba vya dirishani walikuwa wameongeza siku za kukaa. Wa vyumba vya picha, watano. Na wawili kati ya hao watano, Mama Hodi alieleza, walikuwa wamelisogeza kochi dirishani, naye kwa sheria ya jaribio akalirudisha kila siku huku roho inamuuma.

Tajiri alikuja siku ya mwisho ya ile miezi mitatu. Aliinyoosha fimbo yake kwenye safu ya chini aipitishe kama zamani. Vile vyumba vingine sita navyo vilishapangwa upya juma hilo na kuchukuliwa, kwa hiyo fimbo ilipita kwenye misumari kumi na miwili ikagusa ufunguo mmoja tu. Ti. Basi.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza.

Meneja angeweza kukohoa akajitaja. Wengi wangefanya hivyo. Alinyoosha mkono wenye pete, akamwonyesha mwanamke aliyesimama nyuma kabisa na kitambaa kiunoni. "Huyu. Mimi nilishika pazia tu."

Ghorofa haikufungwa. Wanawake wanne hawakwenda nyumbani. Tajiri akaamuru hoteli nzima ipangwe vile, na kwa furaha yake akataka mara moja mpiga picha aitwe, apige chumba kipya, ibandikwe stoo.

"Hapana, mzee," Mama Hodi alisema. Ukumbi ukanyamaza, hata Redio. "Samahani. Ukibandika nyingine, baada ya miaka kumi na minane kuna mwingine atakuwa anafuta tena. Tubandikie karatasi tupu. Kila asubuhi kila mmoja wetu asimame mlangoni, aandike alichokuta kabla hajagusa. Mwisho wa mwezi bosi asome."

Tajiri aliegemea fimbo yake. "Asimame mlangoni muda gani?"

"Wa kumaliza glasi ya maji."

Karatasi ikabandikwa. Ile mito mia mbili ilipelekwa kwenye nyumba ya watoto yatima, isipokuwa mmoja alioung'ang'ania meneja, akauweka kwenye kiti chake cha ofisi, anaukalia.

Ripoti ya mtafiti ilisomwa chuoni mbele ya walimu, na walimu wakauliza huyo aliyetajwa kila ukurasa yuko wapi. Haikupita miezi miwili, barua ikaja. Chuo kilikuwa na darasa la wahudumu wa hoteli, wana vitanda vya mazoezi na hawana mtu wa kuwafundisha kuingia chumbani. Wifi ndiye aliyeisoma kwa sauti, mara mbili, ya pili akiwa amesimama juu ya kigoda ili jirani naye asikie.

"Mwalimu!" alisema. "Wifi yangu mimi, mwalimu wa chuo! Na chumba changu hujawahi kuja kukitazama hata siku moja, kitanda kimebana mlango!"

"Nimekitazama miaka kumi," Mama Hodi alisema. "Nilikuwa nasubiri uombe."

Siku yake ya mwisho hotelini alifanya vyumba vyake kama kawaida. Alikiacha namba saba kiwe cha mwisho. Akasogeza toroli, akagonga mara mbili.

"Hodi."

"Karibu!" chumba kikajibu.

Ndoo ikamtoka mkononi. Kisha kutoka nyuma ya mlango wa bafu kikasikika kicheko anachokijua, na Redio akatoka amejishika mbavu, na nyuma yake wale wenzake wawili, na nyuma yao meneja, mzima na tai yake, amebanwa kwenye bafu dogo kama soksi kwenye kiatu.

"Nilikwambia kitakujibu!" Redio alipiga kelele. "Si nilikwambia?"

Mama Hodi alicheka mpaka akakaa kitandani. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kitanda cha hoteli ile. Walimnyanyua, wakamvuta hadi kochi la dirishani, wakamkalisha. Aliitazama barabara kwa muda: watu, miavuli, gari la mikate. Akaona kwamba kweli, ukikaa unakaa.

Alifungua kitambaa kiunoni, akakikunja mara nne, akampa Redio. Akashuka kwa ngazi. Chini, alipofika pa kukata kushoto kwenda mlango wa nyuma, hakukata. Alipita katikati ya ukumbi wa mapokezi na mkoba wake begani, mpokezi akasimama wima, na mbele ya mlango wa vioo bawabu alimwona akija, akasita kitambo kidogo tu, kisha akauvuta mlango kwa mkono wenye glavu nyeupe, akaufungua mpaka mwisho.

"Karibu tena, mama," alisema, kwa mazoea ya kazi.

"Asante, mwanangu."

Alishuka zile ngazi tatu za mbele ambazo hakuwahi kuzikanyaga, akaungana na watu wa barabarani. Bawabu alibaki ameushika mlango wazi, kama mtu anayemngoja aliyesahau kitu chumbani. Hakurudi.